Ng'ombe wao wako wapi? Barua ya wazi kwa wajenzi wa Medieval III

Waheshimiwa wa Creative Assembly,
Horsham, Uingereza.

Salamu kutoka Siongiroi, kaunti ya Bomet. Msijisumbue kututafuta kwenye ramani ya mchezo wenu wa kompyuta, nimeshatafuta mimi. Ramani ya Medieval II inaanzia kwenye baridi ya Skandinavia, inashuka mpaka Timbuktu, halafu dunia inaisha. Timbuktu imo kwa sababu ina dhahabu na pembe za ndovu. Mfanyabiashara wako ukimsimamisha pale, pesa zinaingia kila zamu. Sisi hatukujaliwa dhahabu. Tulikuwa na ng'ombe.

Mimi nina chumba cha michezo hapa sokoni. Runinga mbili, PlayStation mbili, na kompyuta moja ya zile zinazouzwa kwa jina la "ex-UK", maana yake ofisi fulani huko kwenu ilichoka nayo. Wateja wengi wanataka mpira. Lakini wapo vijana sita au saba waliolewa vita, na kwao mchezo ni mmoja tu, Medieval II wa mwaka 2006, kwa sababu ndio mkubwa kuliko yote ambayo kompyuta hiyo inaweza kuibeba bila kutoa moshi. Nakala tuliyonayo iliingia kijijini ndani ya flashi. Hilo tuliache kwanza, nitalirudia.

Desemba 2025, mkiadhimisha miaka 25 ya mfululizo wenu wa Total War, mlitangaza kwamba Medieval III iko katika matayarisho ya awali kabisa na kwamba mashabiki watakuwa nanyi safarini tangu mapema. Tulifurahi, ingawa si kwa kelele. Kushirikishwa tumekuzoea. Hapa huitwa ushirikishwaji wa umma: hema linakodiwa, soda zinagawiwa, kila mtu anasema lake na karani anaandika, kisha barabara inapita palepale ilipokuwa imepangwa kupita.

Nayajua maombi ya wenzetu wa mbali. Wanataka vita vya baharini, maana katika Medieval II meli zikikutana mchezo hujiamulia wenyewe nani amezama. Wanataka askari wasiogande katikati ya ngazi kama mtu aliyekumbuka kwamba hakufunga mlango wa nyumba. Ni maombi ya haki. Yetu yaliletwa na mzee mmoja aliyekuja kuchajisha simu.

Siku hiyo kijana mmoja, ambaye ni Mfalme wa Uingereza kila siku akishafikisha maziwa ya asubuhi, alikuwa ameizingira Paris. Minara ya mbao, manjaniki, wapanda farasi wamejipanga mpaka ukingo wa kioo. Mzee akasimama nyuma yake, mikono miwili juu ya fimbo, akatazama kama robo saa.

"Wanapigania nini hawa?"

"Mji, mzee."

"Ng'ombe wao wako wapi?"

Mfalme akasema hakuna ng'ombe katika mchezo huu. Mzee akainama, akakitazama kioo kwa karibu, kama mtu anayekagua mnyama mnadani.

"Sasa watajuaje nani ameshinda?"

Akaniachia simu, akaenda zake kunywa chai. Tangu siku hiyo mchezo wenu umeharibika. Hakuna mji unaotekwa hapa bila mtu kuuliza kutoka nyuma ng'ombe wako wapi. Majeshi yanavuka Ulaya nzima na hakuna hata askari mmoja aliyeonekana akipika.

Kwa hiyo ombi la kwanza linahusu ngome. Kwenu mtu akiogopa hujenga mnara, jambo ambalo kwa macho ya mwizi ni sawa na kumwashia taa. Kwenye nyanda hizi za juu za magharibi ya Kenya, kuanzia kama karne ya 13 mpaka ya 18, watu wenye mali walichimba. Mashimo yao yapo mpaka leo, kuanzia Hyrax Hill kule Nakuru, ambako mwanaakiolojia Mary Leakey alifanya uchimbuzi mwaka 1937, hadi Chemagel, hapa jirani Sotik. Tunayaita mashimo ya Sirikwa. Kila shimo lilikuwa zizi, duara la mita 10 au 15 hivi, limechongwa ndani ya mteremko, mlango mmoja tu upande wa chini, na ua kuzunguka ukingo wa juu. Nyumba ilishikamana na zizi, na mlango wake ulifungukia ndani ya zizi. Adui aliyemtaka mwenye nyumba ilibidi kwanza apite katikati ya ng'ombe, gizani, samadi ikimfika kwenye vifundo, na ng'ombe wenyewe hawamjui. Nionyesheni ngome ya Normandy yenye ulinzi wa namna hiyo.

Na samadi yenyewe msiidharau. Ilizolewa na kusukumwa nje kupitia mlango uleule, miaka nenda miaka rudi, mpaka likainuka tuta kubwa kando ya lango. Katika mchezo wenu utajiri wa mfalme ni tarakimu pembeni mwa kioo. Tunaomba uwe tuta. Anayepita njiani alione, ahesabu kimoyomoyo, aingiwe na wivu. Najua hilo linaharibu kazi yote ya kujificha shimoni, lakini nani alishawahi kuwa na ng'ombe mia akanyamaza?

Ombi la pili ni kitufe cha kutangaza vita. Kwenu kiko karibu mno na kidole. Sisi Wakipsigis tuna kokwet, baraza la majirani, ambapo jambo huzungumzwa mpaka waliokaa wakubaliane au jua lizame. Mchezaji akibofya "vita", mchezo umpeleke kwenye kokwet. Wazee wakae chini ya mti. Wa kwanza aanze na mvua ya mwaka juzi. Wa pili akumbushe kwamba mama yake adui ni binti wa boma la tatu kutoka hapa, na mahari yake haijaisha. Kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, kizunguke. Kuruka maongezi kusiwezekane. Nilipomweleza Mfalme wetu wa Uingereza, alilalamika kwamba kwa utaratibu huo mtu anaweza kucheza siku nzima asipate vita hata kimoja. Nikamwambia ameshaanza kuuelewa mchezo.

Tatu, umri. Medieval II inatoka mwaka 1080 hadi 1530. Kila zamu ni miaka miwili, ila watu huzeeka nusu mwaka tu kwa zamu. Piga hesabu: mwana wa mfalme akizaliwa leo, siku anayotimiza miaka 60 kalenda imekwenda miaka 240. Huko nje wapo wanaoliita jambo hilo kasoro. Sisi Wakenya, kwa namna tunavyowafahamu viongozi, tuliona ndiyo sehemu ya mchezo iliyofanyiwa utafiti wa kutosha.

Hata hivyo tunaomba tuwekewe marika. Maina, Chumo, Sawe, Korongoro na wenzao, majina yanayozunguka na kurudi, kila rika likishika ngao miaka yake kisha likiwaachia wadogo na kwenda kukaa na wazee. Jemadari atakayekataa kuachia, mkuki wake uzidi uzito kila zamu mpaka aukokote. Mkifaulu kuunda kitu hicho, tuuzieni peke yake hata kabla mchezo haujatoka. Tuna mahali pa kukifunga, Nairobi.

Nisionekane mchoyo wa bara, nawasemea pia ndugu zetu wa Pwani. Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, wakati wa Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, aliyejenga kasri la Husuni Kubwa lenye bwawa la pembe nane na kupiga sarafu za dhahabu. Kilwa haimo kwenye ramani yenu. Na hapo siwezi kunyamaza: mwaka 1944 askari mmoja aliokota sarafu za shaba kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, na tano kati ya hizo zilikuwa za Kilwa. Medieval II ilitengenezwa na tawi mlilokuwa nalo Brisbane, Australia. Yaani pesa za Kilwa zilifika kabla yenu kwenye nchi mliyofanyia kazi, na bado hamkuisajili! Ureno imo. Lakini mwaka 1505, miaka 25 kabla mchezo haujafungwa, meli za Mreno Francisco de Almeida ziliiteka Kilwa kisha zikaichoma Mombasa, na hayo hayachezeki. Mchezaji wa Ureno ananyimwa dhambi zake mwenyewe.

Mengine ni madogo. Mchezo ujihifadhi wenyewe kila dakika, maana wingu likijikunja tu upande wa mashamba ya chai stima hupotea kabla ya tone la kwanza. Nimeiona Constantinople ikianguka mara nne bila mshale kurushwa. Tena msidai kompyuta mpya. Hii tuliyonayo imetoka kwenu.

Sasa lile la flashi. Nimelifikiria nikaona haki ni haki, anayekula jasho la mwenziwe alipe. Nitumieni ankara ya nakala hiyo na ya miaka yote tuliyoicheza, pamoja na faini. Nitailipa yote kwa kukata kwenye ng'ombe waliochukuliwa Sotik mwaka 1905 na msafara wa kijeshi wa serikali yenu, ng'ombe ambao mzee yule, alipokuja jioni kuchukua simu yake, aliuliza tena wako wapi. Ndama wao na ndama wa ndama tutawahesabu kwa makadirio ya kirafiki. Maziwa tumewasamehe.

Wenu katika vita,
Mwenye chumba cha michezo,
Sokoni, Siongiroi.