Tumetoka Wapi, Omera?

Kijana wa boda alifika kijiweni kwetu Kibuye, Kisumu, siku ya soko na habari moto: Kenya imetoka COMESA, lile Soko la Pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika. "Imekwisha, omera! Sukari ya nje haiingii tena. Sasa miwa yetu itapata bei." Jaduong', mzee wetu, aliyekuwa amekalia kreti la soda akapiga msonyo mrefu, hadi mama wa ndizi aliye jirani yetu akageuka kuangalia nani kagombana na nani. Nami nikasonya. Sikumdharau kijana. Kilichoniuma ni kwamba habari aliyoileta imegeuzwa kichwa chini miguu juu, na watakaoumia kwa kuiamini ni wakulima wenyewe.

Hatujatoka COMESA. Kilichofika mwisho Novemba 2025 ni ile kinga ya sukari. Kenya iliingia katika eneo la biashara huru la COMESA mwaka 2000, na muda mfupi baadaye ikaenda kuomba: jamani, tupeni nafasi, viwanda vyetu bado dhaifu, sukari yenu isiingie yote kwa mpigo. Ikapewa. Muda ukiisha inarudi kuomba, inaongezewa. Miaka zaidi ya ishirini imekwenda hivyo. Safari hii mlango umefunguliwa, haukufungwa. Kijana anashangilia ukuta siku ile ile uliyobomolewa.

"Basi tutoke kabisa!" akasema fundi viatu. "Watanzania si walitoka?"

Ni kweli, Tanzania ilitoka COMESA mwaka 2000. Lakini Tanzania ilikuwa tayari na SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, ikaegemea huko. Sisi tukitoka tutaegemea wapi? Halafu tuulizane jambo ambalo kila mtu hapa sokoni analijua: sukari ya Uganda inapita mpakani Busia kwa mkataba gani? Uganda iko nasi katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Hata tukiirudishia COMESA barua yake leo, lori la Jinja litapita Busia kesho kama kawaida. Na ile sukari ya magendo haijawahi kuuliza mkataba unasemaje.

Sasa twende Chemelil. Simama barabarani asubuhi, ukungu ukishaondoka, utazame kaskazini. Bondeni ni miwa mpaka macho yachoke. Juu ya ule mwinuko ni Nandi Hills, na huko ni chai. Mkulima wa chini na mkulima wa juu wanaonana moshi wa jikoni. Wa chini anaambiwa COMESA ndiyo iliyomuua. Wa juu anakula kwa COMESA, kwa sababu Misri ni mwanachama, tena ni miongoni mwa wanunuzi wakubwa kabisa wa chai ya Kenya. Ukivunja mkataba ili kumponya mmoja, unamnyang'anya mwenzake sahani. Soko likifungwa, mkulima hasubiri mwaka mzima ndipo aumie. Machi 2025 Sudan ilisimamisha bidhaa zote za Kenya kwa ugomvi wa kisiasa, chai ikiwemo. Mchuma chai hakuwa amemkosea mtu yeyote Khartoum.

Jaduong' alikuwa kimya muda wote huo. Kisha akanyoosha fimbo kuelekea ziwani. "Nyinyi mnazungumza kutoka kama mtu anayetoka matanga. Mimi nilikuwepo mwaka 1977."

Kijiwe kikatulia. Mwaka huo Jumuiya ya kwanza ilivunjika, na Februari Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Meli zilizokuwa zikizunguka ziwa hili, Kisumu, Musoma, Mwanza, Bukoba, Port Bell, zikagawanywa kama mali ya marehemu. MV Victoria ikabaki Tanzania, MV Uhuru ikabaki kwetu. Mpaka haukufunguliwa hadi Novemba 1983, na mali za Jumuiya zikamalizwa kugawanywa mwaka uliofuata. Hesabu mwenyewe ni misimu mingapi ya mavuno hiyo. Wakubwa waliokosana walikuwa na mishahara. Mwenye gunia la mahindi na mwenye debe la dagaa ndio waliobaki wakiliangalia ziwa.

Mimi ni mtoto wa miwa, na hili nalisema kwa uchungu. Marehemu baba alikuwa na ekari tatu upande wa Kibigori. Miwa hukaa shambani mwaka mmoja na nusu, pengine zaidi, na muda wote huo unakula kwa mkopo. Mwaka mmoja yetu ilikatwa, ikarundikwa kando ya barabara, trela la kiwanda lisije. Siku ya tatu, ya nne, jua la bonde la Nyando likiinyonya. Kwetu muwa ulikuwa ukilipwa kwa uzito, kwa hiyo kila siku ya jua ilikuwa shilingi zinazoyeyuka tukiziona. Ilipofika mizani baba alipewa stakabadhi, akaikunja, akaitia kwenye mkebe wa Kimbo pamoja na zile za nyuma. Karatasi ya hesabu ilipotoka ilijaa makato: kulimiwa, mbolea, kukatiwa, kusafirishiwa. Kilichobaki hakikufika mkononi mwaka ule, wala uliofuata. Mkebe ninao hadi leo.

Hakuna Mmisri aliyelizuia trela lisije. Hakuna Mzambia aliyekalia pesa za baba.

Sasa kinga imekwisha, na ushindani utakuja mkali kuliko zamani. Mwaka 2025 viwanda vya serikali, Chemelil na Muhoroni vikiwemo, vilikodishwa kwa watu binafsi kwa miaka 30. Sheria ya Sukari ya 2024 nayo imerudisha Bodi ya Sukari na kuweka tozo ya asilimia 4 kwenye sukari, ile ya hapa na ile ya kutoka nje, na sehemu yake imetengewa kustawisha miwa. Hapo ndipo ninapotaka kelele za kijiweni zielekezwe. Mbegu inayokomaa mapema imefika Kibigori? Trela linakuja siku ngapi baada ya panga? Malipo yanatoka lini? Nani ameikagua ile mizani?

Mkulima wa Nyando, mwanasiasa akija kukuambia tutoke, mshike shati. Mwambie akuonyeshe kwanza tozo ya asilimia 4 imeingia shamba gani, na deni lako litalipwa tarehe ngapi.