Shangazi Spana: "Ananizimia Njiani"

*Safu ya wenye magari-nyumba ya zamani*

Shikamoo Shangazi. Tuko pamoja mwaka wa tatu. Kwenye tambarare hana neno, lakini tukianza kupanda mlima anakohoa, anatetemeka, kisha ananizimia mbele za watu. Nikimwacha apumzike saa nzima anawaka kama hakukutokea kitu. Ni Dodge ya 1977, injini ya 440. Mimi ni mtoto wa Moshi, naishi Phoenix, Arizona. Jirani kaniambia nibane vibanio vya nguo kwenye bomba la mafuta. Nimebana kumi na viwili. – *Mzee wa Vibanio*

Marahaba, mwanangu. Nilikuwa nimeshaanza kukutafutia wakili, kumbe ni Dodge!

Huyo hana kiburi. Petroli yake inachemka kabla ya kufika kwenye kabureta. Pampu imefungwa ubavuni mwa injini penye joto lote, tanki liko huko nyuma, kwa hiyo inanyonya mafuta mita kadhaa. Na mafuta yanayonyonywa huchemka upesi kuliko yanayosukumwa. Halafu unapanda naye Flagstaff, kutoka mita kama 340 hadi 2,100! Wewe mtoto wa Moshi umesahau maharage ya Marangu? Sufuria inatokota mapema, maharage bado mawe. Petroli nayo ikipandishwa mlima inatokota kwa joto dogo zaidi. Pampu inabaki kusukuma mvuke, kabureta inakauka, nawe unatafuta vibanio. Na kama tanki ulilijaza Januari ukaondoka Mei, umejitafutia mwenyewe: petroli ya majira ya baridi Marekani hutengenezwa iwe nyepesi kugeuka mvuke, ili injini ziwake asubuhi ya barafu.

Funga pampu ya umeme karibu na tanki, isukume badala ya kunyonya. Iwe ya magari ya kabureta, presha isizidi psi 7, maana yenye nguvu zaidi itafurisha kabureta. Fundi aiunganishe na swichi ya presha ya oili, ili injini ikizima nayo ikome. Pampu inayoendelea kumwaga petroli baada ya ajali ni kiberiti. Bomba lote lipitishwe mbali na ekzosi. Ukikwama kabla ya hapo, lowesha kitambaa, kifunike pampu, na unywe chai.

Vibanio havikuwasha gari. Liliwashwa na ile saa nzima uliyoinama ukivibana. Virudishe kwenye kamba, mama watoto anavitafuta.

Shangazi, nikishikilia ufunguo anawaka vizuri, nikiuachia tu, kimya. Naye ni Dodge, ya 1974. Fundi ameshabadilisha pampu mbili za mafuta. – *Nimechoka, Tucson*

Ya tatu mwambie aifunge kwake. Ukishikilia ufunguo, umeme unafika kwenye koili kwa njia ya mkato. Ukiuachia, lazima upitie kirezista cha kauri kilichofungwa kwenye ukuta wa nyuma wa chumba cha injini, na chako kimeungua. Ni kitu cha dola chache. Nunua viwili, kimoja kikae ndani ya gari, kwa sababu hicho nacho kitaungua.

Shangazi, jenereta yetu inazima usiku wa manane kila safari, na geji inaonyesha robo tanki bado ipo. Mke wangu anasema ni jini. – *Baba Feni*

Ni jini mwenye huruma. Katika magari-nyumba mengi, bomba la jenereta limekatwa fupi makusudi, lisifike chini ya tanki, ili kiyoyozi cha usiku kisiwanywee mafuta ya kurudi nyumbani. Jaza tanki, mwache jini alale.

Shikamoo Shangazi. Kombi ya marehemu baba ilikaa uani miaka sita, nimeifufua nikaitia kitanda na jiko. Inakwenda dakika ishirini, inazima. Ikipumzika inawaka. Wenzangu wa Arusha wanasema nimeuziwa mafuta yaliyochakachuliwa. – *Mrithi*

Marahaba. Petroli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa ingekusumbua tangu asubuhi wakati wa kuwasha, haisubiri dakika ishirini. Ikizima tena, fungua kifuniko cha tanki, utege sikio. Ukisikia "fyuu", tanki lilikuwa limekabwa koo: umeazima kifuniko cha gari lingine kisicho na tundu, au nyigu wamejenga kwenye bomba la kupumulia. Usiposikia kitu, shuku kutu ya miaka sita inayoziba chujio. Mwaga yote, tanki lioshwe, weka chujio jipya.

Hapa sasa sitanii. Mipira ya petroli ya Kombi inapita juu ya injini ya moto, na yako imekauka uani ikapasuka. Usiiwashe tena, hata kwa lile jaribio la kifuniko, kabla ya kubadilisha yote na klipu zake, na ufunge kizimamoto. Kombi nyingi hazikufa kwa uzee, ziliungua.

Wa wiki ijayo, andikeni gari ni la mwaka gani, limezima likiwa la moto au la baridi, baada ya dakika ngapi, na tanki lilikuwa na kiasi gani. Barua za "Shangazi, limezima" peke yake nawashia jiko la mkaa.