Drafti ya Watu Wawili, Wachezaji Kumi na Watano

Ubao wa drafti wa kijiweni kwetu, jirani na stesheni ya Mpanda, ni mali yangu. Kwa kosa hilo wamenipa uenyekiti. Cheo chenyewe hakina posho, kina lawama tu.

Drafti ni ya watu wawili. Kila mmoja ana kete 12; za huyu ni vizibo vya soda vilivyolala chali, za yule vimelala kifudifudi. Basi. Shida ni hii reli ya kutoka Kaliua. Ilifunguliwa mwaka 1950 kwa ajili ya madini ya risasi. Risasi ilichukuliwa ikaenda zake, sisi tukaachiwa kazi ya kusubiri treni, na anayesubiri treni ana muda mwingi wa kushauri.

Ndiyo maana tuna kocha. Kufunga hafungi mtu, ila kidole chake hakitoki ubaoni: "Sukuma hiyo, unakula mbili!" Mpinzani naye ana masikio, anaziba. Kisha yupo mrudisha kete. Kagusa, kasogeza, kaachia, kaona analiwa, anairudisha: "Nilikuwa napima tu, mwenyekiti." Anapima nini, kiwanja? Na yupo mwenye goti. Mwenzake akishapata kingi, goti linashikwa na ganzi, linarusha ubao, vizibo vyote mchangani. "Samahanini wakuu." Ganzi hiyo haijawahi kumpata akiwa anashinda.

Wamarekani wana mchezo wa mezani unaoitwa Dungeons & Dragons, wa mwaka 1974. Msimamizi wake ndiye anayeamua kama joka la kwenye hadithi yao limekufa au bado. Mimi hata goti la mtu siliwezi.

Niliweka faini ya kikombe cha kahawa. Kocha akalipa asubuhi, akashauri mpaka jioni, akiulizwa anasema kashalipia. Nikamfungia. Akahamia kijiwe cha sokoni na nusu ya watu wakamfuata, eti bila yeye drafti haina ladha.

Kilichosaidia ni kutangaza sheria kabla kete ya kwanza haijasogezwa: ukiachia, umecheza, ukipindua ubao, umefungwa. Tangu hapo ganzi imepona bila dawa. Kocha nilimwita pembeni, maana ukimsema mbele za watu umempa jukwaa. Nikamwambia, "Kaka, rudi, uwe mshika foleni. Wewe ndiye utasema nani anafuata, na anayeshauri wewe ndiye utamtoza."

Alirudi na daftari. Sasa hakuna anayeshauri, kwa sababu yeye anapiga kelele za kunyamazisha watu zaidi ya alizokuwa anapiga za kushauri. Juzi nilikohoa mchezo ukiendelea, akasema kikohozi kile kilikuwa na maelekezo ndani yake. Nimelipa kahawa, na kanywa mwenyewe.