Spika Nne, Sebule Moja

Muziki wa kwadrafoni unataka vitu vitatu: spika nne, kila moja kwenye kona yake, santuri iliyorekodiwa maalumu kwa mfumo huo, na mtu aliyetulia peke yake katikati ya chumba, huku sauti zikimzunguka. Viwili vya kwanza ninavyo. Cha tatu hakipatikani Mpanda.

Waliobuni mambo haya mwanzoni mwa miaka ya 1970 hawakuwahi kukaribishwa kwenye sebule ya Makanyagio. Kwetu katikati ya sebule ni mahali pa meza, na makochi yanaegemea kuta. Mgeni akimkuta mwenye nyumba amevuta stuli akakaa katikati, kafumba macho, hasalimii mtu, atazunguka uani taratibu kumuuliza mama watoto kama ndugu wa mume wameshapewa taarifa.

Mashine yenyewe ilikuja Dar es Salaam kwenye kontena la mitumba kutoka Japani, ikapanda treni hadi Tabora, ikapita Kaliua, ikaifuata ile reli ya tawi iliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya madini ya risasi ya Mpanda. Fundi redio alipoifungua alianza kwa kuguna. Umeme wa majumbani kule Japani ni volti 100, wetu ni 230, hivyo bila transfoma ya kuushusha ingeungua kabla haijakohoa. Transfoma ikapatikana. Kisha akahesabu spika, akanitazama.

"Mwalimu, una masikio mangapi?"

Nikamweleza kuwa mbili za mbele zinaleta wanamuziki, na za nyuma mara nyingi zinaleta ukumbi: mwangwi, vifijo, makofi ya watazamaji.

"Kwa hiyo mbili nzima ni za wapiga makofi?" Akapandisha bei ya ufundi palepale.

Huko duniani kwadrafoni iliuawa na ugomvi wa wenyewe kwa wenyewe. CBS walileta mfumo wa SQ, Sansui wakaleta QS, JVC wakaleta CD-4, na santuri ya huyu haikusomeka sawasawa kwenye mashine ya yule. Wanunuzi wakawaachia wenyewe ugomvi wao, wakabaki na spika mbili, na miaka ya 1970 ilipokuwa inaishia, biashara nayo ikawa imekwisha. Mimi nilivutiwa na CD-4, kwa sababu ndiyo yenye makuu kuliko zote. Siri ya spika zake za nyuma imechongwa ndani ya mfereji wa santuri kwa mawimbi ya kilohezi 30, wakati sikio la binadamu linaishia kwenye 20 hivi. Kuyasoma mawimbi hayo kulihitaji sindano ya umbo la peke yake, iitwayo Shibata.

Sindano hiyo haijui vumbi. Vumbi la Mpanda, kwa upande wake, halijui mipaka. Ikifika Agosti, mvua imekata zamani, lori moja tu likipita linatosha kubadilisha rangi ya sukari iliyofunikwa. Hapo nikiweka santuri, spika za mbele zinapiga tarumbeta na za nyuma zinakaanga dagaa.

Mama watoto naye aliona si heshima spika kukaa wazi mbele ya wageni. Akazifumia vitambaa vyeupe vya maua, vya kushuka hadi sakafuni. Sauti zote nyembamba zikaishia kwenye uzi. Nilipoomba vitolewe walau wakati wa muziki, aliniuliza kama na mimi shati langu huwa nalivua nikitaka kuongea.

Basi Jumapili moja, baada ya ibada, wakaja wageni. Kila mmoja akaketi ukutani, kwa maana hiyo kila mmoja akawa na spika yake. Nikaweka orkestra. Shemeji, aliyekuwa kona ya mbele kushoto, alisikia tarumbeta tupu, akasema ni bendi ya polisi. Mama mmoja wa jumuiya, kona ya pili, alisikia ngoma, akauliza ni za wapi. Mzee jirani aliangukia kona ya nyuma. Alivumilia mwangwi kwa muda mrefu, kisha akasema kwa upole, "Mwalimu, hapa kwangu wanamuziki wameshaondoka." Ukazuka ubishi mkali kuhusu wimbo gani unapigwa, na wote walikuwa na haki, maana kila mmoja alikuwa amepewa robo yake.

Kuokoa mchana nikaweka Tabora Jazz. Enzi hizo nyimbo zetu nyingi zilirekodiwa kwa chaneli moja tu, hivyo spika zote nne zikasema jambo lilelile kwa wakati uleule. Ubishi ukafa. Mzee akaanza kutikisa mguu. "Haya," akasema, "sasa umeitengeneza."

Ila tangu siku ile habari zikasambaa mtaani kwamba Mwalimu ana spika nne. Mtu mwenye nne kati ya watu wasio na hata moja hawezi kujitetea kwa hoja za kilohezi. Moja ilikwenda kwenye kipaimara cha Kashaulili, ikaonekana inafaa, ikabakizwa kwa ajili ya harusi. Nyingine iko kwa kinyozi wa Majengo, ambaye kila nikimuulizia ananinyoa bure.

Juzi shemeji amekuja ana sherehe. Akazitazama zile mbili zilizobaki, akanitazama na mimi.

"Moja si itakutosha?"

Nikamuuliza anataka ya kushoto au ya kulia, nikitumaini angalau ataona ugumu wa jambo lenyewe.

"Yoyote tu," akasema. "Ila nipe na kitambaa chake."