Hidaya Hakuja, Siafu Wakaja

Mwanzoni mwa Mei 2024 redio ilitangaza kwamba kimbunga kinaelekea pwani yetu na jina lake ni Hidaya. Mama, aliyekuwa barazani anachambua mchicha, aliniuliza mara mbili kama amesikia sawasawa. "Hidaya si zawadi? Zawadi gani inayong'oa mabati?" Nikamweleza kwamba majina hayo hupangwa mapema na nchi za ukanda wetu wa Bahari ya Hindi, kimbunga chenyewe hakijazaliwa. Akasema basi aliyelipanga hajawahi kuezeka nyumba.

Mimi nilikuwa nimeshaingiwa na wahka. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitaja mikoa ya kujihadhari, na Tanga ilikuwemo. Mama akashangaa: kimbunga kije Maramba, huku chini ya milima, wakati hata bahari yenyewe hatuioni? Nikamtolea historia. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kilipiga Unguja kikalaza mashamba ya karafuu, na mwaka 1952 kingine kikapiga Lindi. "Hicho cha 1872 ulikiona wewe?" akauliza, akaendelea na mchicha wake. Sikumwambia kwamba vimbunga havipendi kukaribia ikweta, kwa kuwa msukumo wa mzunguko wa dunia unaovipindisha hufifia huku kwetu. Ningempa ushindi bure.

Nikaanza kuandaa begi la dharura. Lilikuwa begi la shule la kijana wangu, lililokatika mkanda mmoja. Nikatia tochi, betri nne, kiberiti, plasta, vidonge vya kutibu maji, karanga za kukaanga, pakiti sita za biskuti na filimbi. Vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho vya taifa na karatasi za shamba nikavifunga kwenye mifuko miwili ya nailoni. Maji ndiyo yaliyonishinda. Watu wa misaada huhesabu lita 15 kwa mtu kwa siku. Sisi tuko saba. Kwa siku tatu ni lita 315, yaani madumu 16. Nyumba yetu ina madumu manne, na moja linavuja.

Tarehe 4 Mei Hidaya alifika Mafia akiwa ameishiwa nguvu. Kusini hakukuwa na mzaha, Kilwa barabara ilikatika pale Somanga. Kwangu mimi ilinyesha masika ile ile ya kila mwaka, na begi likabaki linaning'inia msumarini.

Sasa, begi lenye biskuti ndani ya nyumba yenye watoto wanne ni amana iliyowekwa kwa fisi. Pakiti ya kwanza ilitoweka Jumatatu. Nilipouliza, niliambiwa ni panya. Panya huyo alikuwa mstaarabu, maana alifungua zipu, akala, akafunga zipu. Betri mbili zilihamia kwenye redio siku ya mechi ya Simba na Yanga, kwa mkono wangu mwenyewe, na nilikusudia kuzirudisha. Mbili zilizobaki zilizifuata mapumziko yalipokwisha. Kiberiti kiliazimwa na jirani, naye si mtu wa kudaiwa kiberiti. Plasta zote zikazibia mpira wa makaratasi.

Nikaona dawa ni mazoezi. Hapa Maramba tuna kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, na ukisikia vijana wale wanavyokimbia mchakamchaka unatamani na wewe kuamrisha mtu. Nikatangaza utaratibu: filimbi ikilia, kila mtu aache kila kitu, tukutane chini ya mwembe. Alfajiri moja nikapuliza. Walifika majirani sita wenye marungu wakiuliza mwizi kapita wapi. Familia yangu ilifuata baadaye, ikipiga miayo. Mama hakutoka kabisa.

Wiki mbili hazijapita, usiku wa saa nane, mvua imekatika, kuku wakaanza kelele. Nikashusha mguu kitandani, nikahisi nimekanyaga pakiti ya sindano. Nikapapasa tochi, nikaibonyeza, haikuwaka, nikakumbuka mechi. Sindano zilikuwa zimefika gotini na zinapanda. Siafu!

Namba 114 ya Zimamoto nilikuwa naijua kwa moyo, lakini kumwambia mtu alete gari la maji kuja kuzima wadudu, ulimi ulikuwa mzito. Nikapuliza filimbi. Hapo ndipo mazoezi yalipozaa matunda: watoto wanne, mke wangu na mimi tulikimbia bila kuulizana mpaka chini ya mwembe, na siafu walikuwa wanatokea hapo hapo, kwenye mizizi ya mwembe, msafara mnene kama kamba ya katani. Jirani aliyechungulia dirishani lazima alidhani tunacheza ngoma ya mdumange. Mke wangu alibaki na kanga moja na nusu ya subira. Kila siafu niliyemvuta alikatika kiwiliwili, kichwa kikabaki kimeng'ata.

Sauti ya Mama ikatoka barazani. "Nyie mnacheza nini huko?"

Alikuwa amesimama mlangoni na kibatari. Banda la kuku alishalifungua, kuku wote wamepanda juu ya paa la jiko. Kizingitini alikuwa amemwaga majivu ya moto, duara zima, naye kasimama katikati. Akatuita mmoja mmoja, akatupukuta kwa ufagio. Siafu waliobaki ndani akasema waachwe wapite, wana kazi yao.

Alfajiri walikuwa wameondoka, na nyumbani hakukuwa na mende hata wa kuagiza. Nikafungua begi nitafute plasta. Nikakuta vyeti vikavu kabisa, vidonge vya maji na ganda moja la karanga.

Jioni yake begi lilikuwa limerudi msumarini, limevimba. Ndani Mama alikuwa ametia kopo la majivu, kibatari, kiberiti kipya na pakiti mbili za biskuti. Kufikia Ijumaa majivu na kibatari vilikuwa bado vipo.