Tanzania Haiko Kwenye T

Kibao cha Tanzania hakikai kwenye T. Katika kozi za kiangazi za uhusiano wa kimataifa ambazo vyuo vikuu vya Marekani huwaandalia wanafunzi wa sekondari, jambo hili hugunduliwa siku ya kwanza ya kuigiza Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, na kwa kawaida hugunduliwa mbele za watu. Safari hii, mjini Washington, aliyeligundua ni binti wa kidato cha tano kutoka Dar es Salaam aliyepewa kibao cha nchi yake mwenyewe, jambo ambalo wenzake walilihesabu kuwa upendeleo. Alipita nyuma ya viti akisoma: Syria, Tajikistan, Thailand. Akarudi nyuma, akasoma tena: Tajikistan, Thailand. Nyundo ya mwenyekiti ikagonga yeye bado amesimama, suti ya kuazima imempwaya mabegani, faili kalikumbatia, raia halali wa nchi isiyo na kiti. Aliyemwokoa ni mvulana wa Texas mwenye kibao cha Uruguay. "Nchi yako iko huku," alisema kwa sauti iliyofika hadi Zimbabwe. Ukumbi mzima ukacheka, pamoja na mjumbe wa Kenya, ambaye naye alikuwa mtoto wa Ohio.

Utaratibu wa viti wenyewe ni wa ajabu kuliko hotuba zote zinazotolewa juu yake. Nchi hupangwa kwa alfabeti ya Kiingereza, lakini si kuanzia A. Kila mwaka Katibu Mkuu hupiga kura ya bahati nasibu, na nchi itakayoangukiwa ndiyo hukaa kiti cha kwanza. Nyingine hufuatia hapo, hadi alfabeti izunguke na kurudi ilipoanzia. Kwa hiyo mahali pa nchi ukumbini hubadilika kila mwaka, ila majirani hawabadiliki. Tena jina linalohesabiwa ni lile rasmi, si lile la redioni. Kongo ya Kinshasa hukaa kwenye D kwa sababu ya demokrasia yake, bega kwa bega na Korea Kaskazini, ambayo nayo iko hapo kwa sababu hiyohiyo. Makedonia ilikaa miaka mingi kwenye T, jirani na Thailand: Ugiriki ililikataa jina lake, ikaingizwa mwaka 1993 kwa jina refu la nchi "iliyokuwa" ya Yugoslavia, na hesabu ikaanzia kwenye kineno cha Kiingereza kisicho na uzito wowote kinachotangulia jina hilo. Ilihamia N mwaka 2019, ilipokubali kuitwa Makedonia Kaskazini.

Tanganyika ilikuwa kwenye T tangu Desemba 1961. Zanzibar iliingia tarehe 16 Desemba 1963, siku moja na Kenya, ikapata Z. Aprili 1964 zikaungana, viti viwili vikawa kimoja, na kwa kuwa jina jipya kwa Kiingereza linaanza na United, yaani Muungano, kiti hicho kikaangukia U. Leo Tanzania hukaa katikati ya Uingereza na Marekani, mkoloni wa zamani upande huu na mkubwa wa sasa upande ule. Hakuna balozi aliyepanga hivyo. Ni alfabeti tu. Yote haya yameandikwa katika mwongozo wa kozi, ukurasa ambao hakuna anayeufungua, kwa sababu unafuata mara baada ya orodha ya vitu vya kuleta bwenini.

Kanuni ya pili ni kwamba mjumbe hasemi "mimi". Husema "Tanzania inaamini", "Tanzania inasikitika". Mabalozi wa kweli hawabanwi hivyo. Hii ni sheria ya maigizo, na matokeo yake ni kwamba Tanzania huomba ruhusa ya kwenda msalani na Ufaransa hutangaza kuwa ina njaa. Mwenye dharura ya mwilini ana hoja yake maalumu, inayoruhusiwa hata kumkatiza msemaji, na hutumiwa zaidi dhidi ya kiyoyozi. Nje ni joto la Julai la kuloanisha shati. Ndani ni baridi ya chumba cha nyama. Binti alijifunga kanga juu ya suti. Mwenyekiti, mwenye umri wa miaka kumi na tisa, aliamuru ivuliwe, kwa kuwa mwongozo unataka mavazi ya kiofisi ya Kimagharibi. Alipojibu "Kuhusu utaratibu, mheshimiwa," kama alivyozoea kusikia bungeni Dodoma, aliambiwa hoja hiyo haihusu baridi.

Igizo la mwisho lilikuwa la uchaguzi wa Katibu Mkuu wa mwaka 1981. Salim Ahmed Salim wa Tanzania aliungwa mkono na Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Kurt Waldheim alitaka muhula wa tatu. China ilimpinga Waldheim kwa kura ya turufu mara 16, Marekani ikamzuia Salim, mpaka wote wawili wakakaa kando na nafasi ikaenda kwa Javier Pérez de Cuéllar wa Peru. Simulizi inayorudiwa sana husema Wamarekani hawakusahau furaha ya ujumbe wa Tanzania ukumbini tarehe 25 Oktoba 1971, China ya Beijing ilipopata kiti chake kwa kura 76 dhidi ya 35. Balozi wa Marekani siku hiyo alikuwa George H. W. Bush, mwaka 1981 alikuwa Makamu wa Rais. Katika igizo, mvulana mwenye kibao cha Marekani hakuwepo wakati wa hotuba. Alirudi na bakuli la viazi vya kukaanga, akapiga kura ya hapana, akaketi. Alipoulizwa sababu, alisema hahitaji kuwa nayo. Mkufunzi alimsifu kwa kulinda maslahi ya taifa, na kwa mujibu wa Mkataba wa Umoja wa Mataifa mvulana yule alikuwa sahihi kabisa. Hilo ndilo linaloudhi.

Nje ya ukumbi, chakula hakina pilipili. Anayelala chumba kimoja na binti huweka kengele ya saa kumi na moja alfajiri na haamki.

Wapo pia waliokubaliwa kozini wasifike. Sheria ya uhamiaji ya Marekani humchukulia mwombaji wa viza ya matembezi kuwa anataka kuhamia mpaka athibitishe kinyume chake, na mtoto wa shule hana shamba, mshahara wala mke wa kumrudisha nyumbani. Usaili huchukua dakika chache. Aliyenyimwa huambiwa anaweza kufuatilia masomo kwa video. Saa tatu asubuhi ya Washington ni saa kumi jioni Dar es Salaam. Ada ya bweni hurudishwa. Dola 185 za maombi ya viza hazirudishwi.