Barua ya Wazi kwa Mkuu wa Huduma za Wateja

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Huduma za Wateja,
katika kampuni ambayo jina lake nalisitiri kwa adabu,
Juba.

Bwana Mtukufu,

Baada ya salamu zilizo wajibu, napenda kukuarifu kwamba ile ekstenda mliyoniuzia, ili waifai ivuke sebule na kufika vyumba vya nyuma, yafanya kazi kwa uaminifu wa kustaajabisha: taa zake zawaka kijani usiku kucha, wala hapana anayefaidika nazo isipokuwa wadudu. Maafisa wako, kila niwapigiapo simu, hunijibu kwa hekima ile ile, yaani nizime kisha niwashe. Nami, kwa kuwa umeme wa mji huu umekuwa ukiifanya kazi hiyo tangu zamani bila ya kuombwa, nimekinai kwamba dawa yao haitibu maradhi haya.

Maradhi yenyewe alinibainishia fundi wa soko la Konyo Konyo. Simu ya mke wangu, iliyotoka Kampala kwa njia ya mpaka wa Nimule, yajua masafa ya gigahezi 2.4 peke yake, hali ekstenda imeyachanganya hayo na ya gigahezi 5 chini ya jina moja, ikivisukuma vyombo vyote kwenye yale ya pili. Kompyuta aliyotuletea shemeji kutoka Marekani yakomea chaneli ya 11, nayo ruta yenu imestarehe katika ya 13. Na mashine ya kuchapia, iliyo mzee wa nyumba, haijapata habari za WPA3, kanuni ya usalama iliyotangazwa mwaka 2018.

Fundi aliyatenga majina ya masafa, akaihamishia ruta chaneli ya 6, akarudisha usalama kwenye WPA2, na ekstenda akaiondoa nyuma ya ukuta wa mabati, kwani haiwezi kurefusha mawimbi yasiyoifikia. Lakini kijikaratasi chenu kilichokuja na ekstenda hakitaji hata moja katika hayo. Chasema tu kwamba kifaa hiki chapatana na vyombo vyote. Sudan Kusini iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na hata leo hajatokea mwanadiplomasia aliyethubutu kudai mapatano makubwa kiasi hicho.

Serikali nayo, ilipotufungia Facebook na TikTok mwezi wa Januari 2025, ilitoa amri, ikataja muda, kisha ikafungua kabla ya muda huo kwisha; ekstenda yenu hufunga bila ya amri wala muda.

Basi siombi fidia. Naomba mlifute neno “vyote”, mwandike “baadhi”, kisha myaongeze maelekezo ya yule fundi. Na ikiwa wino ni ghali, nafasi ipatikane kwa kuifuta namba ya simu ya huduma, maana jibu lake wateja wote tumekwisha kulihifadhi kwa moyo.

Ndimi mteja wako mtiifu,
Mkazi wa Gudele